Kidole Kwanza, Modeli Baadaye

Chukua ile saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo. Ifunge kwenye ndizi. Ndiyo, ndizi, yoyote iliyopo hapo jikoni. Washa kipimo, subiri kidogo. Saa nyingi za bei nafuu zitakupa namba: 74, 81, hata 96. Hongera, ndizi yako ina moyo.

Usicheke sana. Namba hiyo imetoka kwenye programu iliyotengenezwa kutafuta mdundo popote mwanga unaporudi. Hakuna aliyeifundisha kusema "hapa sioni kitu". Ukitaka kutumia ujifunzaji wa mashine kuchambua mapigo, kazi yako kubwa ni hiyo: kuifundisha mashine kunyamaza pale isipojua. Modeli yenyewe ni nyepesi kuliko unavyodhani.

Ninapoandika namfikiria kijana wa Titye huku Kigoma, au wa kule Kibondo, mwenye kompyuta ya kuazima, simu yenye kamera nzuri na bando linaloisha Ijumaa. Umesoma Python kidogo. Inatosha. Twende.

Mwanga, kwa dakika mbili

Nyuma ya saa kuna taa ndogo, mara nyingi ya kijani, na pembeni yake kihisi kinachopokea mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi. Damu hula mwanga. Moyo ukisukuma, damu inajaa kwenye mishipa midogo na mwanga unaorudi unapungua. Moyo ukilegea, mwanga unaongezeka. Basi, ndiyo habari yote. Alrick Hertzman aliieleza njia hii tangu miaka ya 1930, na mwaka 1974 Mjapani Takuo Aoyagi akapata kanuni ya oksimita, ile klipu ya kidoleni inayotumia taa mbili, nyekundu na ya infraredi.

Kwa hiyo ukichora data ghafi utaona kila pigo ni shimo. Zidisha yote kwa −1 upate vilima. Wengi husahau hatua hii, kisha wanashangaa kwa nini umbo la wimbi lao halifanani na la vitabuni.

Jambo la pili la kukumbuka: sehemu inayocheza na moyo ni ndogo mno, kiasi cha asilimia 1 au 2 tu ya mwanga wote unaorudi. Mkono ukitikisika, mtikisiko unaumeza moyo mzima. Ndiyo maana usirekodi mtu juu ya bodaboda halafu ukailaumu modeli.

Anza na simu

Kabla ya kununua chochote, funika kamera ya simu na taa yake kwa kidole kimoja, rekodi video ya dakika moja. Kila picha ya video, piga wastani wa rangi nyekundu. Utapata mstari wa namba unaopanda na kushuka. Hapo tayari una ishara ya moyo.

Funga mwangaza wa kamera usijirekebishe wenyewe. Simu ikiona giza huongeza mwanga, ikiona weupe hupunguza, na ishara yako inapinda bila sababu. Karibu kila programu ya kamera ina sehemu ya kuufunga. Na kama nyekundu imejaa hadi 255 kwenye kila picha, jaribu kijani.

Simu nyingi hupiga picha 30 kwa sekunde. Kwa kuhesabu mapigo zinatosha. Kwa kupima tofauti ndogo kati ya pigo na pigo, hazitoshi.

Ukishazoea, nenda kwenye kihisi. MAX30102 ni kidogo kama kifungo cha shati, kina taa nyekundu na infraredi, na unakiunganisha na ubao wa ESP32 kwa nyaya nne tu. Rekodi mara 100 kwa sekunde. Maktaba ya SparkFun ya MAX3010x ina mifano iliyo tayari. Mfano mmojawapo huhesabu kwamba hakuna kidole kama usomaji wa infraredi uko chini ya 50,000. Utumie. Utakuzuia kusoma hewa. Ndizi bado itapita, ila tutaifikia.

Kitu kinachoharibu kazi kuliko vyote ni mkandamizo. Ukibana kidole sana unafukuza damu. Ukilegeza, jua linaingia. Suluhisho langu halina fahari yoyote: kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokatwa kama pete, kihisi ndani, kidole ndani. Mpira mweusi unazuia mwanga wa nje na unabana kwa nguvu inayokaribiana kwa kila mtu. Sijaona kitu cha dukani kinachouzidi kwa bei hiyo.

Mkono baridi

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, Titye, ukungu bado umelala mabondeni. Mzee mmoja alikuwa ametoka kung'oa maharage. Nikamwamkia kwa Kiha, mwakeye, kisha shikamoo; akakaa, akanipa kidole cha shahada. Ngozi yake ilikuwa nene kama soli ya kandambili, na kidole kilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Kwenye skrini mstari umelala chali. Nikaongeza nguvu ya taa. Umelala vilevile.

Bibi akaleta uji. Mzee akashika kikombe kwa mikono miwili, akawa anakunywa taratibu na kuniuliza kama kifaa changu kimekufa. Baada ya kama dakika tano nikarudisha pete ya tyubu, safari hii kidole cha pete, ambacho mpini wa jembe haukisugui sana. Vilima vikaanza kuota kwenye skrini, kimoja kimoja, vimesimama vizuri.

Kwa hiyo: pasha mkono kwanza. Kikombe cha moto, kusugua viganja, jua la saa nne, chochote. Mtu akae dakika tano kabla ya kurekodi, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Vidole vikigoma, jaribu ndewe ya sikio. Nguvu ya taa za MAX30102 unaweza kuipandisha hadi karibu miliampea 50. Panda polepole, na simama kabla namba hazijagota juu kabisa.

Usione haya kuhamisha kihisi sehemu nyingine ya mwili. Kampuni ya Neopenda, iliyoanzishwa na wahandisi wawili waliokutana Columbia University kule New York, ilitengeneza neoGuard kwa ajili ya watoto wachanga na kuanza kuitumia Uganda. Wao walichagua paji la uso. Kifaa kimefungwa kwa ukanda kichwani, kinasoma mapigo, upumuaji, oksijeni na joto, na muuguzi mmoja anaona watoto kadhaa kwenye skrini moja. Mikono ya mtoto haitulii. Paji la uso hutulia.

Andika daftari kabla ya kuandika programu

Kila rekodi iwe na mstari wake: tarehe, saa, mkono gani, kidole gani, amekaa au amesimama, alikuwa akifanya nini dakika kumi zilizopita, umri, jinsia. Jina usiandike. Mpe kila mtu namba, na orodha inayounganisha namba na jina iwe kwenye karatasi tofauti unayoifungia.

Kisha tafuta ukweli wa kulinganishia. Usiseme huna mashine. Rafiki yako ashike kifundo cha mkono mwingine ahesabu mapigo kwa sekunde 60 kamili, siyo 15 mara nne. Aandike namba bila kuangalia skrini yako. Ukiweza kupata oksimita ya kuaminika au mkanda wa kifuani unaosoma umeme wa moyo, vizuri zaidi. Bila namba ya kulinganishia, modeli yako inajisahihishia mtihani yenyewe.

Chuja, kata, tupa

Chujio lako liruhusu kati ya hezi 0.5 na 8. Chini ya hapo kuna kupumua na kuyumba kwa mkono. Juu ya hapo kuna kelele. Pigo moja kwa sekunde ni hezi 1, yaani mapigo 60 kwa dakika, kwa hiyo hata mtu anayekimbia yumo ndani. Kwenye SciPy tumia chujio la Butterworth pamoja na `filtfilt`, ili wimbi lisisogezwe mbele au nyuma.

Kata ishara vipande vya sekunde 8, kila kipande kianze sekunde 2 baada ya kilichotangulia. Watafiti wengi wa mapigo ya mkononi hutumia vipimo hivyo, nawe ukivitumia utaweza kulinganisha kazi yako na zao.

Sasa ndizi. Kwenye kila kipande, tafuta vilele, kata kila pigo, yapange yote moja juu ya jingine, piga wastani. Kisha pima kila pigo linafanana kiasi gani na huo wastani, kwa uwiano wa kawaida wa takwimu. Moyo hujirudia kwa umbo. Kelele hubadilika umbo kila mara. Mimi huanzia 0.86, kipande kikiwa chini ya hapo, natupa. Ndizi haifiki.

Ukitupa nusu ya data, andika kwamba umetupa nusu. Nimeona ripoti nzuri sana ambazo namba hiyo haimo, na hapo huwa naacha kusoma.

Chora kwa macho yako vipande mia moja kabla ya kuendelea. Ni kazi ya jioni moja. Utajua mengi kuliko utakayoambiwa na jedwali lolote.

Modeli ndogo inatosha kuanzia

Data ya watu watano wa jirani haitoshi kufundisha. Ukiwa mjini Kasulu, ambako mtandao uko vizuri, pakua mapema data za bure za mtandaoni. BIDMC ya PhysioNet ni ndogo: rekodi 53, kila moja dakika 8, mara 125 kwa sekunde. PPG-DaLiA ni nzito zaidi lakini ndiyo inayofanana na maisha: watu 15 waliovaa kifaa mkononi huku wakitembea, wakipanda ngazi, wakiendesha baiskeli na kula, na kifuani wana kipimo cha umeme wa moyo cha kulinganishia. Pakua pia maktaba za Python, NeuroKit2, HeartPy na scikit-learn, siku hiyohiyo. Ukirudi kijijini unafanya kazi bila bando.

Kwa kila kipande toa namba chache zenye maana. Wastani wa muda kati ya vilele. Jinsi muda huo unavyobadilika. Muda wa wimbi kupanda kutoka bondeni hadi kileleni. Upana wake katikati. Kama kifaa kina akselerometa, ongeza kiasi cha mtikisiko. Zipe hizo modeli ya miti ya maamuzi ya scikit-learn. Inafundishika kwenye kompyuta ya kawaida muda wa chai, na ikikosea unaweza kuiuliza ni namba gani iliiponza. Mitandao ya neva ije baadaye, ukiwa na data nyingi na umeme wa uhakika.

Gawanya kwa mtu, si kwa kipande. Hapa ndipo wengi tunaumia, nami nilishaumia. Nilichanganya vipande vyote kama karata, nikachukua sehemu kufundishia na sehemu kupimia. Matokeo yakawa mazuri ajabu, nikamwonyesha kila mtu. Tatizo: vipande vya mtu mmoja vilikuwa pande zote mbili. Mashine ilikuwa imemkariri mtu, haikujifunza moyo. Nilipogawa upya, watu wa kufundishia huku na watu wa kupimia kule, kosa likapanda mara kadhaa na mimi nikakaa kimya wiki nzima. Tumia `GroupKFold`, kundi liwe namba ya mtu. Ni neno moja tu kwenye programu.

Shindana kwanza na mjinga. Tengeneza "modeli" inayojibu wastani uleule kwa kila mtu. Kama yako haimshindi huyo kwa tofauti inayoonekana, huna kitu bado.

Jihadhari pia na neno usahihi. Ukitafuta mapigo yasiyo na mpangilio, ile fibrilesheni ya atria, na katika watu 100 wawili tu wanayo, modeli inayosema "hakuna" kwa wote ina usahihi wa asilimia 98. Haifai kwa lolote. Kwenye utafiti wa Apple na Stanford uliochapishwa mwaka 2019, watu 419,297 walishiriki na asilimia 0.52 tu ndio walipata taarifa ya mapigo yasiyo sawa. Kati ya waliopata taarifa, kisha wakavaa kipimo cha umeme wa moyo kifuani na kukirudisha, asilimia 34 ndio walioonekana na fibrilesheni katika muda huo. Tatizo hilo huja na kuondoka, kwa hiyo waliobaki hawakuwa wote wazima. Lakini ona ilivyo kazi kulithibitisha hata kwa wenye pesa. Hesabu wangapi umewakamata na wangapi umewatisha bure.

Ngozi yetu

Swali hili utaulizwa, na ni la haki: taa hizi zinaisoma ngozi nyeusi?

Kwa oksijeni, kuwa mwangalifu. Desemba 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walitoa kwenye New England Journal of Medicine hesabu ya wagonjwa ambao oksimita iliwaonyesha wako kati ya asilimia 92 na 96. Damu ya mshipani ilipopimwa, asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi vilikuwa chini ya 88, dhidi ya asilimia 3.6 kwa weupe. Kifaa kiliwapa afueni wasiyokuwa nayo.

Kwa kuhesabu mapigo tu hali ni nafuu. Watafiti wa Duke mwaka huohuo walijaribu saa mbalimbali kwa watu wa rangi tofauti, na kilichowasumbua zaidi ni mwendo, si rangi. Kwa hiyo anza na mapigo. Oksijeni iache kwanza. Na usiazime viwango vya nguvu ya taa kutoka kwenye data ya watu wa mbali. Pima watu wa hapa, andika kiwango kilichofanya kazi kwa kila mmoja.

Presha: kishawishi

Kila ukimwonyesha mtu kifaa chako atauliza kama kinapima presha. Saa za sokoni zinadai hivyo. Usidai.

Si kwamba haiwezekani. Programu ya simu iitwayo OptiBP, inayosoma kidole kwa kamera, ilijaribiwa Bangladesh, Afrika Kusini na hapa Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalitia moyo. Lakini ona kipimo walichojiwekea: kiwango cha kimataifa kinataka wastani wa kosa usizidi 5 na mtawanyiko usizidi 8, kwa milimita za zebaki, kila namba ikilinganishwa na mkanda wa mkononi na sikio la mpimaji aliyefunzwa. Wewe na pete ya tyubu hamjafika huko. Na yule mjinga anayejibu 120 kila mara atakushinda kama watu wako wote ni vijana wazima.

Vibali

Taarifa za afya ni taarifa nyeti kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na haibagui kampuni kubwa na kijana mwenye ESP32. Kujipima mwenyewe, hakuna shida. Ukitaka kukusanya watu kwa utafiti, tafuta chuo au hospitali ya kushirikiana nayo, na kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, au kamati inayotambulika. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu usiende na kihisi mfukoni kana kwamba unakwenda gulioni. Kuingia tu kunahitaji kibali.

Ridhaa iombwe kwa lugha ambayo mtu anaota ndoto nayo. Kwa wazee wengi wa huku ni Kiha. Mwambie unarekodi nini, utaitunza wapi, na kwamba akisema futa unafuta. Kisha mwonyeshe wimbi lake. Watu hupenda sana kuliona.

Yule mzee alilitazama muda mrefu. Akauliza, "Sasa mjukuu, hiyo inasema nina presha?"

"Hapana babu. Hii inahesabu tu. Presha haiijui."

"Mbona unahangaika nayo?"

Tulienda zahanati siku hiyohiyo, maana alisema hajawahi kupimwa. Muuguzi akamfunga mkanda, akasikiliza, akarudia baada ya dakika kadhaa, akamwandikia siku ya kurudi. Mimi nikanakili zile namba mbili daftarini, kando ya rekodi ya asubuhi, na pembeni nikaongeza: kidole cha pete, baada ya uji.